Baiolojia Haikuwahi Kutembea Bila Kemia

Katika kombi, yaani mafungu ya masomo matatu, ambazo vijana wa Tanzania walizisoma kidato cha tano na cha sita kwa miongo mingi, hadi mabadiliko ya mwaka 2024, herufi B haikuonekana bila C. PCB, CBG, CBA, CBN: kila palipo na baiolojia, kemia ipo pembeni yake. Kemia kwa upande wake haikuwa na sharti hilo. Ndani ya PCM ilikaa na fizikia na hisabati miaka yote, na baiolojia haikualikwa. (C ya ECA isimchanganye mtu, hiyo ni ya biashara.) Kwa hiyo kijana anayelalamika kwamba ameshindwa kuchagua kati ya baiolojia na kemia anahangaika na swali ambalo vyuo vikuu, serikali na bei ya vifaa vya maabara vilishalijibu kabla hajazaliwa. Swali alilobakiziwa ni jingine kabisa: akishaikubali kemia, ataiweka ubavuni baiolojia au hisabati?

Mambo hayakufika hapo kwa siku moja, wala hayakuanzia katika shule za Tabora au Pugu.

Katika shule za Uingereza za karne ya 19, somo linaloitwa baiolojia halikuwapo. Kulikuwa na botania, iliyohesabiwa kuwa elimu ya heshima kwa wasichana kwa kuwa ilihusu maua na majani, na kulikuwa na zuolojia, iliyosomwa zaidi vyuoni. Kemia ilikuwa na jina kubwa zaidi, kwa sababu nyuma yake vilisimama viwanda vya rangi, sabuni, mbolea na baruti. Mzazi mwenye kiwanda Manchester hakuhitaji kuelezwa kemia ina faida gani. Baiolojia ilihitaji wakili, na wakili huyo alikuwa Thomas Henry Huxley, yule mtetezi wa Darwin. Mwaka 1871 alianza kuwafundisha walimu kozi ya kiangazi huko South Kensington, London, na mwaka 1875 yeye na mwenzake H. N. Martin wakatoa kitabu cha mazoezi ya baiolojia kilichompeleka mwanafunzi moja kwa moja mezani, kisu mkononi: hamira, amiba, mmea wa maharage, kamba wa mtoni, na mwisho wa safari, chura.

Chura huyo wa Huxley amesafiri sana. Aliingia kwenye mitihani ya Cambridge, akavuka bahari pamoja nayo, na kutoka hapo akaingia kwenye mitihani ya taifa ya Tanzania.

Lakini kilichoifunga baiolojia kwenye kemia ni udaktari. Vyuo vya tiba vya Uingereza vilimtaka kijana apite kwanza mtihani wa sayansi za msingi, yaani fizikia, kemia na elimu ya viumbe, kabla hajaruhusiwa kuugusa mwili wa binadamu. Shule zilizotaka kupeleka vijana huko zikajipanga kwa utaratibu huohuo. Ulipokuja mtihani wa Higher School Certificate mwaka 1918, masomo yalitolewa kwa mafungu: fungu la lugha za kale, fungu la lugha za kisasa na historia, fungu la sayansi na hisabati. Mwanafunzi alifaulu fungu au alianguka nalo. Mwaka 1951 Uingereza ikauacha utaratibu huo, ikaingia kwenye mtihani wa A-level ambao kila somo lilipimwa peke yake na mtu angeweza, kwa sheria, kuchanganya anavyotaka. Afrika Mashariki ilirithi mtihani, ila moyo wa fungu haukuondoka. Unaonekana mpaka leo kwenye zile herufi tatu tatu.

Kwa muda mrefu Tanganyika haikuwa na kidato cha tano hata kimoja. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, iliwafikisha vijana kwenye cheti cha Cambridge cha sekondari ya kawaida, na aliyeng'ara alipanda gari moshi hadi Mwanza, akavuka ziwa, akaenda Makerere, Uganda. Kule ndiko alikokutana na masomo ya maandalizi, ya sanaa au ya sayansi, kabla ya kuanza kozi yenyewe. Makerere ilikuwa imeanza mwaka 1922 kama chuo cha ufundi, na muda mfupi baadaye ikaanza kufundisha tiba. Kwa kijana wa Tanganyika aliyependa sayansi, hiyo tiba ndiyo ilikuwa kazi yenye sura inayoeleweka: unasoma kemia na baiolojia, unakuwa daktari. Vedasto Kyaruzi, rais wa chama cha TAA mwaka 1950 kabla hakijawa TANU, alikuwa daktari aliyetokea huko.

Mwanafunzi mwingine wa Makerere alikuwa Julius Nyerere, aliyesoma ualimu kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Watu wengi wanamkumbuka kama mwalimu wa historia wa Pugu na mfasiri wa Shakespeare. Wachache wanakumbuka kwamba aliporudi Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's, mojawapo ya masomo aliyopangiwa lilikuwa baiolojia. Na alipofika Edinburgh mwaka 1949, alianza na kozi fupi za kemia na fizikia, kisha akaingia kitivo cha sanaa na kusoma shahada aliyoimaliza mwaka 1952. Kwa lugha ya wanafunzi wa leo, Mwalimu alihama kombi. Angebaki na sayansi, huenda Tanganyika ingepata bwana maabara mzuri na ikamtafuta kiongozi wake mahali pengine.

Madarasa ya kidato cha tano na cha sita yalianza kufunguliwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, uhuru ukiwa umekaribia. Yalikuwa machache, na kila shule ilipewa masomo kulingana na ilichokuwa nacho. Hapa ndipo historia ya kombi inapopaswa kusomwa kwa macho ya mhasibu. Darasa la historia linahitaji mwalimu, ubao na vitabu. Darasa la kemia linahitaji chumba chenye maji ya bomba na sinki zisizoliwa na asidi, gesi au jiko la kuchemshia, kabati la kufukuzia moshi wa sumu, mizani nyeti, chupa za kioo zinazovunjika kila muhula, na kemikali ambazo nyingine, kama nitrati ya fedha, bei yake inamfanya mkuu wa shule azifungie ofisini kwake. Shule yenye maabara ya kemia ilipata kombi za sayansi. Isiyo nayo ilipata kombi za sanaa, hata kama ilikuwa na vipaji vya namna gani.

Baiolojia ilikuwa nafuu kidogo. Sehemu kubwa ya vielelezo vyake inapatikana porini, shambani na, tuseme ukweli, chooni. Wanafunzi wa kidato cha sita wa shule za bweni wanajua kazi ya kuwinda mende usiku kwa tochi, na vyura baada ya mvua, mtihani wa vitendo unapokaribia.

Kazi yenyewe haina mzaha. Chura huingizwa kwenye chupa yenye pamba iliyoloweshwa klorofomu, akaachwa humo mpaka alegee kabisa. Hulazwa chali kwenye sinia lenye nta chini, miguu minne ikavutwa na kubanwa kwa pini. Ngozi ya tumbo huinuliwa kwa koleo na kukatwa kwa mkasi, kwanza ngozi tu. Chini yake kuna ukuta wa misuli, na katikati yake umepita mshipa mmoja mwembamba, mweusi kidogo, unaoonekana kama mstari wa kalamu. Anayepitisha mkasi katikati kwa haraka anaukata mshipa huo, damu inafunika kila kitu, na michoro yake yote inakuwa ya kubahatisha. Mwenye mkono mzuri anakata pembeni ya mshipa. Tofauti ya milimita chache hapo ni tofauti ya alama, na walimu wengi wa zamani waliamini kwamba mkono huo ndio unaoonyesha nani ataweza chumba cha upasuaji.

Kemia nayo ina uwanja wake wa kupimia mikono. Bureti imesimama kwenye stendi, imejazwa asidi. Mwanafunzi anavuta besi kwa pipeti hadi juu kidogo ya alama, anaiteremsha taratibu mpaka ukingo wa chini wa kimiminika ukae sawasawa na mstari, anaimwaga kwenye chupa iliyowekwa juu ya karatasi nyeupe. Anadondosha methili orenji, rangi inakuwa ya njano. Kisha anafungua bomba la bureti huku mkono mwingine ukizungusha chupa, tone kwa tone kadiri anavyokaribia, kwa sababu tone moja la ziada linaifanya rangi ya machungwa kuwa nyekundu na hesabu yote inaharibika. Mara ya kwanza ni ya kukadiria. Zinazofuata lazima zikaribiane. Mwanafunzi mjanja aliyejua jibu linalotarajiwa alipika tarakimu zake zikalingana mno, na msahihishaji aliyekwisha kuona maelfu ya karatasi alimjua mara moja.

Uhuru ulipokuja, serikali ilikuwa na haraka. Nyerere alipenda kukumbusha, hata uzeeni, kwamba Waingereza walipoondoka waliiacha nchi na wahandisi 2 na madaktari 12. Hesabu hiyo ndiyo iliyogeuza uchaguzi wa masomo kuwa suala la mipango ya taifa. Mwaka 1963 ilichapishwa ripoti ya George Tobias kuhusu mahitaji ya wataalamu wa Tanganyika, na Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulioanza mwaka 1964 ukaweka lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo mwaka 1980. Mwaka huohuo wa 1964 ada za sekondari zilifutwa. Kijana alisomeshwa na taifa, na taifa likawa na sauti kuhusu anachosoma. Neno lililotawala kipindi hicho ni "kuchaguliwa". Mtu alichaguliwa kuingia kidato cha tano, alichaguliwa shule, na kwa kiasi kikubwa alichaguliwa kombi.

Kati ya mwaka 1963 na 1970 kombi ilikuwa pia inaamua nchi ambayo kijana angeishi. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimoja chenye matawi matatu, na fani za gharama kubwa ziligawanywa: uhandisi Nairobi, tiba na kilimo Makerere, sheria Dar es Salaam. Mwenye hisabati na fizikia nzuri alifunga sanduku kwenda Nairobi, na mwenye baiolojia na kemia nzuri alikwenda Kampala. Polepole kila nchi ikaanza kujijengea vya kwake. Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha tiba cha chuo kikuu. Kitivo cha kilimo kilifunguliwa Morogoro mwaka 1969, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine. Kitivo cha uhandisi kilianza Dar es Salaam mwaka 1973. Kila mlango mpya ulikuja na orodha yake ya masomo yanayotakiwa, na ukiziweka orodha hizo pamoja unapata ramani ya kombi: PCM kwa ajili ya uhandisi, PCB kwa ajili ya tiba, CBG na CBA kwa ajili ya kilimo, misitu na mifugo.

Katika orodha hizo zote kemia ipo. Daktari anaihitaji kwa ajili ya dawa, bwana shamba kwa ajili ya udongo na mbolea, na hata mhandisi hakuachiwa. Baiolojia na hisabati ndizo zilizoachwa zigombanie kiti kilichobaki. Hapo ndipo ulipozaliwa ule mgawanyiko unaojulikana katika kila shule yenye kidato cha tano, wa watu wa PCM wanaojiona ndio wenye akili za hesabu, na watu wa PCB wanaojiona ndio madaktari watarajiwa, huku wa CBG wakiulizwa na wajomba zao kila likizo kwamba hiyo jiografia ya nini tena. Jibu la kweli ni kwamba jiografia iliwaondolea fizikia, na kwa wengi hiyo ilikuwa sababu tosha. Ila iliwafungia pia mlango wa udaktari wa binadamu, uliodai fizikia, kemia na baiolojia kwa pamoja. Wengine waliligundua hilo wakiwa tayari wamemaliza kidato cha sita. Na hisabati haikuwaacha salama waliodhani wameikimbia: wanafunzi wa PCB na CBG walipewa BAM, hisabati ya matumizi iliyosomwa kama somo la nyongeza, na BAM imewatoa jasho vijana wengi waliokuwa wanauchora moyo wa panya bila kuangalia kitabu.

Kwamba kombi haimfungi mtu maisha yote, mfano mzuri ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona kwamba maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye friza yakiwa ya moto yaliganda kabla ya ya wenzake yaliyopoa. Walimu na wenzake walimcheka. Alipofika sekondari ya juu ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo mhadhiri wa fizikia Denis Osborne aliyekuja kutembelea shule kutoka Dar es Salaam. Osborne hakucheka. Alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Jina la Mpemba likaingia katika vitabu vya fizikia duniani kote, lakini yeye mwenyewe alikwenda Chuo cha Wanyamapori Mweka, karibu na Moshi, na kazi yake ikawa wanyamapori. Dunia inamjua kwa fizikia. Ugali wake aliupata kwa viumbe hai.

Mitihani nayo ilibadilisha wenyewe. Cambridge ilianza kuondoka mwaka 1967 lilipoundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 sheria ya Bunge ikaanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Kipindi hichohicho sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuwa inadai shule zitoe watu wa kazi, na sekondari zikagawiwa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu. Michepuo hiyo ndiyo iliyoandaa njia ya kombi kama CBA, yenye kilimo, na CBN, yenye lishe. Zote mbili zilijengwa juu ya msingi uleule wa kemia na baiolojia. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililomtaka mhitimu wa kidato cha sita aende kazini kwanza kabla ya kuomba chuo kikuu. Nia ilieleweka. Lakini fikiria mtu aliyemaliza kemia ya kidato cha sita, akakaa miaka miwili ofisini akipanga mafaili, halafu akaambiwa arudi kwenye milinganyo ya mwendokasi wa mmenyuko. Haikupita miaka mingi kabla sharti hilo halijalegezwa, kuanzia kwenye fani zilizokuwa na upungufu mkubwa wa wanafunzi.

Majirani walifuata njia nyingine. Kenya iliiacha A-level kabisa ilipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na watahiniwa wa mwisho wa kidato cha sita walifanya mtihani mwaka 1989. Uchaguzi wa sayansi ukashuka chini, ukawa wa mtoto wa kidato cha pili anayeingia cha tatu, mwenye umri wa miaka 15 au 16. Sasa umebadilika tena, kwa sababu katika mfumo mpya mwanafunzi anayeingia Gredi ya 10 anachagua njia kwanza, kisha masomo ndani yake. Uganda ilibaki na kidato cha sita, na ikabaki na kitu ambacho Mtanzania akikiona anashangaa: BCM, yaani baiolojia, kemia na hisabati katika kombi moja. Wale maadui wawili wa Tanzania wanakaa dawati moja Kampala, na fizikia ndiyo iliyotolewa nje. Kemia, kama kawaida, haikuguswa.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Wasomi wa lugha waliweka PCB nzima ndani ya jalada moja, labda bila kukusudia.

Jaribio la ajabu kuliko yote lilikuja katikati ya miaka ya 2000, wakati Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu. Fizikia na kemia ziliunganishwa kuwa somo moja katika sekondari ya kawaida. Wazo hilo lilikuwa na mababu: Cambridge iliwahi kuwa na mtihani wa fizikia pamoja na kemia kwa shule zisizo na uwezo wa kufundisha kila moja peke yake. Na mtu anaweza kuona mvuto wake kwa serikali iliyokuwa inajiandaa kufungua shule za kata kwa mamia. Somo moja badala ya mawili ni mwalimu mmoja badala ya wawili, na kipindi kimoja badala ya viwili. Tatizo lilikuwa juu. Kidato cha tano bado kilikuwa na P na C mbalimbali, na chuo kikuu bado kilitaka kuona kila moja kivyake. Mwanafunzi angeingia PCB au PCM akiwa na alama moja iliyogawanywa mara mbili. Baada ya uchaguzi mkuu wa mwaka 2005, serikali mpya, Margaret Sitta akiwa Waziri wa Elimu, iliyatenganisha tena masomo hayo. Katika historia nzima ya jambo hili, hiyo ndiyo mara pekee ambapo mipaka ya kemia yenyewe ilitikiswa, na mtikisiko haukudumu.

Shule za kata zilikuja kweli, na zilikuja bila maabara. Walimu wake wengi walikuwa wahitimu wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache, ambao mtaani waliitwa Voda Fasta kwa mfano wa vocha za simu za kujaza haraka. Katika shule hizo mwanafunzi aliweza kufika kidato cha nne hajawahi kushika bureti. Mtihani wa vitendo aliufanya kwa karatasi: alichorewa bureti, akaisoma kwenye picha. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa achague kombi, kwa nini achague kemia? Ni somo lililomjia kama orodha ya rangi za kukariri, chumvi ya shaba buluu, ya chuma kijani, bila yeye kuziona. Baiolojia angalau ina kiungo anachokijua: mwili wake. Ndiyo maana katika shule nyingi baiolojia ilipendwa na kemia ikaogopwa, na ndiyo maana waliotaka baiolojia waligonga mwamba, kwa kuwa hakuna kombi iliyowapa moja bila nyingine.

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wakuu wa wilaya waliligeuza agizo hilo kuwa vita, na wananchi walichangishwa fedha, mawe na matofali. Kwenye vijiji vingi majengo matatu yalipanda kwa ngazi tofauti, moja limeezekwa, jingine kwenye linta, la tatu msingi tu. Yalipokamilika, mengine yaligeuzwa madarasa kwa sababu kemikali na mwalimu havikuja pamoja na matofali. Hata hivyo agizo lile lilifanya jambo ambalo ripoti nyingi hazikulifanya: lilimwonyesha mzazi kwa macho yake kwamba sayansi ni vyumba vitatu, na kwamba vina gharama.

Fedha nazo zilianza kusema. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, iliweka mbele fani za tiba, uhandisi na ualimu wa sayansi. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/23, ufadhili wa masomo wa Samia Scholarship ukawalenga waliofanya vizuri zaidi katika kombi za sayansi. Mzazi ambaye hakujua tofauti ya PCB na CBG alijifunza haraka alipoona nani anapata mkopo wote na nani anapata nusu.

Kisha, Machi 2024, Waziri Mohamed Mchengerwa wa Ofisi ya Rais TAMISEMI alitangaza tahasusi, yaani kombi, mpya 49, zikaongezwa kwenye 16 zilizokuwapo, jumla zikawa 65 katika makundi saba, yakiwamo michezo, sanaa na elimu ya dini. Wanafunzi waliokwisha kujaza Selform, fomu ya kuchagua kombi na shule, kabla ya mtihani walipewa nafasi ya kuingia mtandaoni na kubadili. Kwa siku kadhaa wazazi, wajomba na walimu wa taaluma walikaa na simu mkononi wakisoma herufi ambazo hawakuwahi kuziona, wakiuliza hii inaishia kazi gani na ile inafundishwa shule gani. Swali la pili ndilo lililokuwa zito zaidi. Tahasusi inaweza kutangazwa kwa siku moja. Mwalimu wake na chumba chake havitangazwi. Shule iliyokuwa na PCB, PCM na CBG ilibaki, kwa sehemu kubwa, na PCB, PCM na CBG.

Na kila Julai kidato cha tano kinaporipoti, mlango wa mwalimu wa taaluma unajaa. Kijana aliyepangiwa PCM anataka PCB kwa sababu baba amesema daktari. Aliyepangiwa CBG anataka PCM kwa sababu amegundua fizikia haikumshinda, ilimtisha tu. Mwalimu anaangalia matokeo ya kidato cha nne, anahesabu viti vya maabara, anaandika jina kwenye orodha au anatikisa kichwa. Wanaomba kubadilishiwa hisabati, fizikia, baiolojia, jiografia. Kemia iko kwenye kombi zote tatu, kwa hiyo hakuna anayekuja kuiulizia.